Ruhusa ya Kukandika

Buruburu, Nairobi
9 Januari 2024

Dada Kavinya,

Nilifika salama, na hasira nilifika nayo. Ulisema pale kwenye kituo cha basi kwamba hutapokea tena simu yangu, kwa sababu kwenye simu mimi hukatiza watu, na kwamba nikiwa na neno niliandike ili na wewe upate nafasi ya kumaliza sentensi. Haya, nimeandika. Barua imo ndani ya kifurushi cha dawa za macho za Mwaitu.

Neno langu ni ule ukuta. Siku ya Krismasi Mwaitu mama yetu alikuwa akinisimulia jinsi baba alivyomwuzia baharia mmoja twiga wa mti asiye na shingo, akamwambia shingo itaota. Kipande cha ukuta kikadondoka kwenye sahani yake ya pilau. Hakushtuka. Alikitoa kwa vidole viwili kama mtu atoaye mfupa wa samaki, akaendelea na twiga wake. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, na sijacheka mpaka leo.

Nilipokuwa mdogo Mwachembe kilikuwa kijiji. Kulikuwa na mihogo na njia ya kwenda kwenye hori, baharini, na Mombasa ilikuwa mahali pa kwendea. Sasa Mombasa imekuja yenyewe. Maghorofa yametuzunguka pande tatu, madirisha ya vyoo vyao yanatazama ua wetu, na katikati ya mji huo wa mawe na vioo kuna mistari miwili ya nyumba za udongo. Ndani ya mojawapo mama yangu anatoa ukuta kwenye chakula chake. Mwanawe ni mwalimu wa historia, anaandika gazetini kila wiki mbili kuhusu haki za wanyonge, anakaa Buruburu kwenye nyumba yenye geti. Watu wakijua watasema ni aibu. Nami nalisema kabla yao.

Kwa hiyo ninajenga. Nyumba ya mawe, vyumba vitatu, choo ndani. Fundi nimempata, anaitwa Ngigi, anakaa Umoja. Yeye ndiye aliyetuongezea chumba juu ya gereji, na mke wangu Warigia, ambaye unajua haridhiki kwa urahisi, aliridhika. Sihitaji mjadala. Nahitaji vipimo vya kiwanja.

Ndugu yako,
Musau


Mwachembe, Mombasa
28 Januari 2024

Musau,

Dawa zimefika. Mwaitu anazitia asubuhi na jioni, na kila mara analalamika kuwa ni chungu, kana kwamba jicho lina ulimi. Haoni vizuri kabisa siku hizi. Huo ukuta unaokunyima usingizi, yeye anauona kama wingu.

Vipimo vya kiwanja sina, kwa sababu kiwanja si chetu. Uliondoka hapa ukiwa na miaka kumi na mitatu kwenda kusoma kwa Mjomba Munyoki, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza wageni. Nyumba ni yetu. Ardhi iliyo chini yake ni ya Mzee Mumin. Baba alipokuja kutoka Ukambani na patasi zake alikwenda kwa Mzee akaomba mahali, akaonyeshwa hapa, akaambiwa ajenge kwa fito, boriti na udongo, jiwe lisiingie. Watu wote wa Mwachembe waliambiwa hivyo hivyo.

Na kila mwaka kabla ya masika wanawake wa nyumba zote huenda kwenye baraza ya Mzee Mumin. Mwaitu ndiye mkubwa wao, ndiye asemaye. Husema, "Mzee, kuta zetu zimechoka." Naye huuliza kila nyumba inavuja wapi, nani ameolewa, nani amezaa, tunapewa kahawa na halua, halafu anasimama kwa fimbo yake na kusema kwa sauti, wapita njia wakisikia, "Kandikeni." Basi. Kodi aliacha kuipokea zamani, tangu wanawake wa hapa walipomuuguza mkewe hadi akafia mikononi mwao. Neno hilo ndilo hati yetu, Musau. Mwaka ambao amesema kandikeni, hawezi kusema tokeni. Mwanawe Twahir anataka kuuza, na kila mwaka Mzee humjibu kwamba neno limeshatoka. Vijiji vilivyokuwa jirani zetu vimefagiliwa vyote, hata majina yake vijana hawayajui. Sisi tupo.

Ukuta wa udongo unamwambia, tupo kwa idhini yako. Ukuta wa mawe unamwambia, jaribu kututoa. Usimlazimishe mzee wa watu ajaribu.

Ukitaka kusaidia, tuma boriti na mabati. Na tafadhali, usituandike gazetini.

Dada yako,
Kavinya


Buruburu
10 Februari 2024

Dada Kavinya,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa sababu kiti kilinishinda. Mwanamke wa miaka themanini, aliyezaa, aliyelea, aliyezika mume, anakwenda kuomba ruhusa ya kupaka matope ukuta wake mwenyewe, na wewe unaniandikia habari ya halua.

Nikueleze na mimi kama mgeni. Ardhi hiyo Mzee Mumin hakushushiwa kutoka mbinguni. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za pwani, ikasema mwenye dai alete dai. Waliojua njia ya ofisi walileta. Waliokuwa wakilima hawakujua hata kama kuna ofisi. Babu yake Mumin alijua njia, na hiyo ndiyo tofauti yote kati yake na wengine. Tena sheria za nchi hii zinasema ukikaa kwenye ardhi ya mtu miaka kumi na miwili bila idhini yake, unaweza kuidai mahakamani. Bila idhini, Kavinya. Kila mwaka mnapokwenda kunywa kahawa ile mnairudisha saa mwanzo kwa mikono yenu. Hilo neno mnaloliita hati ndilo pingu. Yeye anajua, ndiyo maana kahawa ni ya bure.

Mjomba Munyoki nilimwona kwa macho yangu. Chumba chake cha Ziwani kilikuja na kazi ya udereva. Hakuruhusiwa kupigilia msumari bila kibali, naye alikuwa mtu wa heshima kama ninyi, kwa hiyo picha ya harusi yake ilikaa sakafuni imeegemea ukuta muda wote niliokaa kwake. Siku aliyostaafu tulibeba godoro na picha. Ukutani hapakuwa hata na tundu la kuonyesha kwamba mtu aliishi pale. Niliapa siku hiyo. Hapa Buruburu jirani yangu Wahome amepandisha ghorofa mbili juu ya nyumba ambayo haikukusudiwa ghorofa, jua la jikoni kwetu limekufa, na hakumwuliza mtu. Namchukia kila asubuhi, lakini namheshimu.

Macho ya Mwaitu ni jambo jingine, tusiligombanie. Daktari wa hapa anasema mtoto wa jicho hutolewa, jicho moja kisha la pili. Mpandishe basi mwezi ujao. Warigia ameshamwandalia chumba cha chini.

Musau


Mwachembe
3 Machi 2024

Musau,

Nampandisha Mwaitu basi la Jumatano asubuhi. Amekataa kusafiri na ndara, atashuka na viatu vya kanisani, kwa hiyo msimwache kwenye ngazi peke yake. Na mwambie Warigia asimpikie chakula kisicho na chumvi kwa kisingizio cha presha. Atagoma kula, halafu atasema ameshiba.

Kuhusu sheria zako, sina shule ya kukujibu. Mimi nilikaa nyumbani ili wewe usome, na sasa unanisomea. Silalamiki, naeleza tu.

Lakini nitakwambia kitu ambacho sikisemi mbele ya watu. Nimechoka na udongo. Kila mwaka ni mimi ninayeuchimba, ninayeukanyaga, ninayeubeba, na mgongo wangu umeanza kuniuliza maswali. Usidhani jiwe halinitamanishi. Jibu langu bado ni hapana. Ila nyumba ni ya Mwaitu. Akisema yeye ndiyo, kwa kinywa chake, mimi ni nani wa kukataa?

Kavinya


Buruburu
19 Machi 2024

Dada Kavinya,

Jicho la kwanza limefanikiwa. Amefungwa kitambaa upande mmoja, na kwa upande wa pili anawachungulia wajukuu na kuwaambia wamefanana na watu wa Warigia, jambo ambalo Warigia ameamua kulipokea kama sifa. Jicho la pili ni baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo atakaa nasi.

Mwaitu amekubali. Nimemwuliza, amesema ndiyo kwa kinywa chake, kama ulivyotaka.

Ngigi anakuja wiki ijayo na vijana wawili. Watalala kwenye banda alimokuwa akichongea baba. Mpe chai nyingi, hufanya kazi kwa chai. Mwaitu asisumbuliwe na simu za ujenzi, daktari amesema apumzike. Tumfanyie kitu cha ajabu arudi akikute.

Musau


Mwachembe
30 Aprili 2024

Musau,

Imekwisha. Jana walimaliza paa.

Huyo Ngigi wako ni mtu wa maneno. Siku ya kwanza aligonga ukuta wetu kwa kiganja, akasikiliza, akasema, "Madhe, hii si nyumba, hii ni keki." Aliniita madhe mpaka mwisho, ingawa nadhani ananizidi umri. Ukuta wa kwanza uliangushwa kwa teke moja. Ndani kabisa, chini ya matabaka yote tuliyoyapaka sisi, niliona alama za vidole vya baba, pale alipokandika mara ya kwanza. Nikamwomba Ngigi asubiri. Alisubiri mpaka nikamaliza kunywa maji, kisha akaendelea.

Wanawake walikwenda kwa Mzee Mumin wakati kuta zetu zimefika juu ya milango. Mimi sikwenda. Ningekwenda kusema nini, kwamba kuta zetu zimechoka? Waliporudi nilimwuliza Nasambu wa nyumba ya pili kama Mzee ametoa neno. Akasema ametoa, ila aliuliza nyumba ya Mama Kavinya iko wapi leo. Kisha Mzee akasema kandikeni akiwa amekaa.

Kwa hiyo hofu ipo. Lakini sitakudanganya. Mvua kubwa ilinikuta kwenye kile chumba kilichotangulia kuezekwa. Niliruka kutafuta ndoo za kutega, nikazishika mkononi, hapakuwa na pa kuziweka. Nililia kidogo kwa raha. Ikiwa Mwaitu amependa, na mimi nimependa. Nabiswa, yule kuli wa bandarini wa nyumba ya mwisho, ameshaanza kupanga mawe mbele ya mlango wake, na wengine wawili wameanza msingi.

Kavinya


Buruburu
12 Mei 2024

Dada Kavinya,

Ndivyo inavyoanza. Nyumba moja, kisha nne, kisha Mwachembe nzima. Wakishakuwa wote kwenye mawe, nani atathubutu?

Najua ulisema nisiwaandike gazetini. Nimewaandika. Ukurasa huu hapa, nimeukunja vizuri usichanike. Mumin nimemtaja kwa jina, kwa sababu ukabaila usio na jina ni moshi, huwezi kuupiga. Nimeandika kwamba mama yangu ameweka jiwe la kwanza, na kwamba wanawake wa Mwachembe hawataketi tena kwenye baraza ile kusubiri neno la mtu. Wanafunzi wangu wameubandika darasani. Hata Wahome, ambaye hatusalimiani naye, alinipungia mkono getini.

Mwaitu anarudi Jumamosi, macho yote mawili yamefunguka. Usimwambie chochote njiani. Nataka aone mwenyewe, halafu uniandikie alivyosema, neno kwa neno.

Musau


Mwachembe
29 Mei 2024

Musau,

Neno kwa neno, basi.

Alishuka kwenye tuktuk hapo kwenye kona, akatazama, akaniambia, "Kavinya, tumepotea." Nikamwambia hapana, Mwaitu, hapa ni kwetu. Akauliza, "Nani aliruhusu?" Nikamwambia, "Wewe."

Alinitazama kwa macho yale mapya. Akasema hakuna mtu aliyemwuliza habari ya jiwe. Hakuingia. Aliketi kwenye banda la baba mpaka jua likapungua, kisha akaenda kwa Mzee Mumin, mimi nyuma yake.

Mzee alikuwa kitandani, amekonda. Twahir alikuwa amesimama dirishani na gazeti lako mkononi, amelikunja hivi kwamba jina la baba yake lilikuwa juu. Mwaitu akasema amekuja kuomba radhi. Mzee akasema, "Mama Kavinya, mimi nilisema kandikeni. Mwanao anasema nilikuwa ninawafunga." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza kama ni kweli. Twahir akadakia kwamba mapatano yamevunjwa na sisi wenyewe, na kwamba jambo liko kwa wakili, si la nyumba yetu tu bali la Mwachembe nzima, kwa kuwa mawe yameonekana kwa wengine pia. Zamani Mzee angemnyamazisha. Safari hii aligeukia ukuta.

Njiani tulipokuwa tukirudi Nasambu alikuwa anaanika nguo. Alituona, akaingia ndani na nguo mbichi mkononi.

Nakuuliza swali moja na nataka jibu fupi. Ulimwuliza Mwaitu nini hasa?

Kavinya


Buruburu
16 Juni 2024

Dada,

Nimeanza jibu hili mara kadhaa, na kila mara lilianza na mwaka 1908.

Alikuwa mezani, kitambaa kikiwa jichoni, nje mvua inanyesha. Nilimwuliza, "Mwaitu, si ungependa nyumba isiyovuja?" Akasema, "Nani asiyependa, mwanangu?" Basi. Sikutaja jiwe, na nilijua kwa nini sikulitaja. Warigia alikuwa anakatakata sukuma wiki, akageuka akaniambia hilo silo swali nililosema nitamwuliza. Nikamjibu kwamba ni lile lile kwa maneno mepesi. Alirudi kwenye sukuma yake, lakini kisu kilibadilika sauti.

Hata hivyo, Kavinya, nisibebeshwe peke yangu dhambi ya Twahir. Alitaka kuuza kabla mimi sijanunua mfuko wa kwanza wa simiti. Mzee yule angekufa siku moja, neno lake likafa naye, hati ikabaki. Niliona hivyo, na bado naona hivyo. Mnategemea moyo wa mtu mmoja mgonjwa na mnauita usalama. Nimempata wakili, ni rafiki yangu, atasimamia nyumba zote bila malipo. Mwambie Mwaitu asitie kidole kwenye karatasi yoyote, na asiguse hata jiwe moja, kwa sababu nyumba ile sasa ni ushahidi. Afadhali aje akae huku mpaka kesi iishe. Chumba chake kipo.

Mwambie naomba radhi. Au usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, akikubali kushika simu.

Musau


Mwachembe
21 Aprili 2025

Musau,

Nilinyamaza kwa sababu Mwaitu aliniomba ninyamaze. Simu zako tuliziona. Wakili wako ni mtu mwema, alikuja mara mbili, akaketi chini nasi, hakutudanganya. Sasa ninakuandikia yote ili usiyasikie kwa mwingine.

Mwezi wa Julai Mwaitu aliibomoa nyumba. Nilimwambia umesema ni ushahidi. Akasema ndiyo, anaona ni ushahidi. Alichukua tezo ya baba, ile ya kuchongea, akaanza kupiga simiti mpaka makali yakaisha bila kuangusha hata kipande. Watu walisimama milangoni wakitazama. Hakuna aliyekuwa akitusalimu wakati ule. Siku ya pili Nabiswa akaja na nyundo yake, akaanza na kona. Kisha akaenda akayaondoa na mawe yake mwenyewe. Tulisimamisha fito na boriti juu ya msingi wa Ngigi, tukaziba kwa makuti na magunia, kwa sababu msimu wa kukandika ulikuwa mbali na ruhusa hatukuwa nayo. Tuliishi hivyo, upepo ukiingia upande huu na kutokea ule.

Mwaitu akampelekea Mzee Mumin habari kwamba jiwe limetoka. Mzee akajibu kwamba amesikia, na kwamba masika yakikaribia tuje. Umeelewa, Musau? Twahir alikuwa na wakili, na hati, na gazeti lako, na bado mzee yule alisema tuje. Mwaitu alianza kuimba tena anapopepeta mchele. Alikuwa anaingoja Machi kama mtoto anayengoja sikukuu.

Mzee alifariki Februari.

Tulikwenda msibani wote, Wakristo kwa Waislamu, tukapika mpaka matanga yakaanuliwa. Huko jikoni dada yake Mzee aliniita pembeni. Akaniambia mwaka jana, kabla ya masika, Mzee alikuwa ameshamwita mtu wa kumwandikia wakfu, kwamba ardhi ya Mwachembe iwe ya Mungu, isiuzwe na mtu, waliopo wakae. Akaona jiwe. Kisha gazeti likafika. Hakuiacha wakfu ile, ila aliiweka kando. Alisema hawezi kutia saini akiwa na uchungu, Mungu hapokei sadaka ya mtu aliyenuna, ataiandika moyo ukitulia. Dada yake anasema ulikuwa umeanza kutulia.

Hili sijui kama Mwaitu analijua. Sijamwambia. Nakwambia wewe.

Machi ilipofika wanawake waliuliza tufanyeje. Mwaitu akasema tutakwenda kama kawaida. Twahir alitupokea getini kwa adabu, simsingizii. Alileta viti. Mwaitu akasimama akasema, "Mwanangu, kuta zetu zimechoka." Twahir akasema, "Mama, baba yangu alikuwa na maneno. Mimi nina hati." Kahawa haikuletwa, nadhani hata hakujua kama huletwa. Mwachembe imeshauzwa. Tuna mpaka Desemba.

Kwa hiyo neno lilikufa na mwenyewe, kama ulivyosema. Umesoma, na ulisoma vizuri.

Tuliporudi nilidhani Mwaitu atajilaza. Alivua viatu, akaingia kwenye shimo la udongo akaanza kukanyaga. Nasambu alimfuata akamwambia, "Mama, hatujapewa neno." Mwaitu akamwuliza, "La nani?" Nasambu akavua viatu na yeye. Tumezikandika nyumba, siku baada ya siku, bila kumwomba mtu yeyote, kwa mara ya kwanza tangu baba afike hapa. Hivyo ndivyo ulivyotaka tangu mwanzo. Hakuna aliyeimba.

Mwaitu hajasema usije. Wala hajasema uje.

Kavinya


Buruburu
2 Mei 2025

Dada Kavinya,

Sina hoja. Nimezitafuta, unanijua. Moja ilikuwa kwamba hata wakfu Twahir angeweza kuipinga mahakamani. Niliiandika nikaikata, kwa sababu niliisikia sauti yangu ndani yake.

Nilikuwa nimepanga kuja kumchukua. Leo nimeingia kwenye kile chumba cha chini, nikalazimika kuwasha taa mchana, kwa kuwa ukuta wa Wahome umekaa dirishani. Nikaketi kitandani nikaangalia mahali ninapotaka kumweka mtu aliyepata macho juzi. Warigia alikuja akasimama mlangoni. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Sitamwambia Mwaitu aje.

Kuhusu wakfu, usimwambie. Kama kuna siku ya kumwambia, ni mimi nitakayemwambia, nikiwa nimeketi mbele yake, naye akiwa na nafasi ya kunijibu au kunifukuza.

Gazeti wameniomba makala nyingine kuhusu Mwachembe kabla ya Desemba. Mhariri anasema sasa ndiyo ina moto. Nimemwambia atafute mtu anayekijua kijiji hicho.

Nina swali, na safari hii ni hilo hilo ninalouliza, hakuna jingine nyuma yake. Mmebakiza ukuta wowote? Wenu, wa Nasambu, wa Nabiswa, wa yeyote. Sijawahi kukandika. Niliondoka kabla ya umri wa kuingia shimoni, na zamu yangu ukaikanyaga wewe. Najua Desemba utaangushwa pamoja na nyingine. Kama upo mmoja ambao bado haujaguswa, hata wa choo, niachieni huo. Sitanunua tiketi mpaka unijibu.

Musau